Kula Pizza kwenye Pizzeria ya Mtaani Napoli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa Mswahili anayekwenda Napoli, kusini mwa Italia, awe mwanafunzi, baharia, mfanyabiashara au mtalii, na anataka kula pizza kwa wenyewe. Sizungumzii mikahawa ya hotelini wala ile ya mbele ya vivutio yenye picha za vyakula mlangoni. Nazungumzia pizzeria ya mtaani: chumba kimoja au viwili, tanuri la matofali linaloonekana ukiwa barabarani, meza zilizobanana, na mara nyingi familia moja inayoendesha shughuli yote. Vitongoji kama Sanità, Materdei, Forcella na Quartieri Spagnoli vimejaa sehemu hizo. Penye maoni yangu nimeyasema waziwazi.

Pizza ya Napoli ina tofauti gani na pizza niliyozoea?

Tofauti inaanzia kwenye unga. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliandikisha pizza ya Napoli kuwa chakula cha jadi chenye kanuni zake, na kanuni hizo zinataja vitu vinne tu vya kukandia donge: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Hakuna sukari, hakuna maziwa, hakuna mafuta yanayokandiwa ndani ya unga. Kwa lita moja ya maji huingia unga wa kama kilo 1.8, chumvi gramu 50 hadi 55, na hamira gramu 3 peke yake. Hamira ni kidogo hivyo kwa sababu unga hupewa muda. Hupumzika saa 2, hukatwa madonge ya gramu 180 hadi 250, kisha huachwa tena saa 4 hadi 6. Wapishi wengi huuacha muda mrefu zaidi ya hapo, na ulimi unaijua tofauti.

Donge likishaumuka halisukumwi kwa kisukumio cha chapati. Mpishi, ambaye kwa huko huitwa pizzaiuolo, hulitandaza kwa vidole kuanzia katikati kwenda nje, ili hewa yote ikimbilie pembezoni. Kisha hulirusha na kulipiga juu ya meza ya marumaru, mkono huu na huu, mpaka linakuwa duara lisilozidi sentimita 35. Katikati hubaki unene wa karibu milimita 4, na ukingo huinuka sentimita 1 au 2 ukiwa tanurini.

Halafu moto. Tanuri la kuni hufika nyuzi joto 485, na pizza hukaa humo sekunde 60 hadi 90. Ukiwa nyumbani na jiko la umeme linaloishia nyuzi 250, huwezi kuipata pizza hii hata uwe na unga uleule na nyanya zilezile. Ikioka polepole, maji yote hutoka na inakauka. Moto mkali huiwahi kabla haijakauka, ndiyo sababu ukingo unakuwa mwepesi, umevimba, na ndani bado una unyevu.

Pizza yangu imekuja na madoa meusi. Imeungua?

La. Madoa madogo meusi yaliyotawanyika kwenye ukingo na chini ni dalili ya moto mkali uliokutana na unga ulioumuka vizuri. Wenyewe wanayatafuta. Tatizo ni pale chini pote pamekuwa peusi na kila tonge ni chungu. Hapo mwambie mhudumu bila wasiwasi. Pizza iliyokuja nyeupe bila doa hata moja ni kasoro pia, kwa sababu tanuri halikuwa limepata moto.

Mbona katikati kuna majimaji?

Swali hili huulizwa na karibu kila mgeni, na wengine hurudisha sahani jikoni. Usirudishe. Nyanya zilizopondwa kwa mkono zina maji yake, jibini mbichi ina maji yake, juu kuna mafuta ya zeituni, na sekunde 90 hazitoshi kukausha vyote hivyo. Vikichanganyika hapo katikati hufanya mchuzi mwepesi wa rangi ya machungwa, na wapo wanaosema utamu wote uko hapo. Mimi ni mmoja wao. Ukimaliza, chukua ukingo wako ufute sahani.

Usipopenda majimaji mengi, chagua fior di latte, yaani mozzarella ya maziwa ya ng'ombe. Mozzarella ya nyati ina ladha nzito zaidi lakini hutoa maji mengi zaidi.

Nianze na pizza ipi?

Marinara au Margherita. Ningekuwa na mamlaka, mtu anayekula kwa mara ya kwanza asingeruhusiwa kuagiza kingine.

Marinara ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Basi. Haina samaki, haina jibini. Ndiyo ya zamani zaidi kati ya hizo mbili, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na ndiyo mtihani wa mpishi, maana hakuna jibini la kufunika makosa. Nyanya ikiwa kali utaisikia. Unga ukiwa haukupumzika utausikia. Ukitaka kujua kama pizzeria ya mtaani inajua kazi yake, agiza Marinara kabla ya kuamini mtu yeyote.

Margherita ni nyanya, mozzarella au fior di latte, majani ya rehani na mafuta ya zeituni. Utaambiwa kisa chake: kwamba mwezi Juni 1889 mpishi Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita wa Italia pizza tatu, malkia akaipenda hii yenye rangi nyekundu, nyeupe na kijani za bendera ya nchi, na ikaitwa kwa jina lake. Pizzeria Brandi inahifadhi barua ya shukrani kutoka kwa watu wa kasri. Wanahistoria wameitilia shaka barua hiyo, na pizza yenye nyanya, jibini na rehani ilikuwepo Napoli kabla ya malkia kufika. Kisa ni kizuri kusikiliza, lakini usikichukue kama hati ya mahakama.

Nyanya zenyewe zinastahili neno. Zinazosifiwa zaidi ni San Marzano, ndefu na zenye mbegu chache, zinazolimwa kwenye bonde la Sarno na Nocera, na jina lake linalindwa kisheria tangu 1996. Kuna pia nyanya ndogo zenye ncha zinazolimwa kwenye miteremko ya mlima Vesuvius, zinazofungwa mafungu na kutundikwa ili zikae miezi ya baridi. Ukiona neno piennolo kwenye orodha ya vyakula, ndizo hizo. Ongeza euro mbili tatu ule, zina utamu wenye ukali kidogo ambao hauupati kwingine.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula nini kwa amani?

Unaweza kula vizuri, ila uulize. Nitajibu kwa urefu kwa sababu wengi wetu tunakotoka ni Waislamu na majibu ya haraka haraka hayasaidii.

Unga wa pizza ya Napoli, kwa kanuni nilizotaja, hauna mafuta ya mnyama. Hatari iko juu yake. Haya majina ukiyaona ujue ni nguruwe: prosciutto, salame, salsiccia, pancetta, speck, 'nduja, na ciccioli, ambavyo Napoli huitwa cicoli. Strutto na sugna ni mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa. Zamani yalitumika sana kwenye chakula cha mji huu, na bado pizza ya kale iitwayo mastunicola hupakwa mafuta hayo. Kwa hiyo uliza, hasa kwenye vitu vya kukaangwa: "C'è strutto?" Na ukiagiza, sema "senza maiale, per favore", yaani bila nguruwe, tafadhali. Wahudumu wamezoea, hakuna atakayekushangaa.

Jambo la pili ni jibini. Mozzarella ya nyati yenye jina linalolindwa la Campania hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa tumboni mwa ndama. Parmigiano Reggiano vilevile, na Pecorino Romano hutumia cha mwanakondoo. Kuna Waislamu wasioona tatizo hapo na kuna wasiokula mpaka wajue mnyama alichinjwaje. Ukiwa katika kundi la pili, Marinara ndiyo rafiki yako: haina kitu chochote cha mnyama. Kwa sababu hiyohiyo inamfaa pia asiyekula nyama wala maziwa.

La tatu: meza ya marumaru ni moja, beleshi la kuingizia tanurini ni moja, na tanuri ni moja. Pizza yako itapita ilipopita ya jirani yenye soseji ya nguruwe. Sitakuamulia hilo. Ni vizuri tu ulijue kabla hujaketi.

Bia na divai zipo mezani kwa kila mtu, lakini kuagiza maji au soda hakumshangazi yeyote.

Tuko watano. Tuagize pizza kubwa mbili tugawane?

Hapana. Kila mtu huagiza yake, na huletwa nzima bila kukatwa. Hakuna saizi kubwa, ya kati na ndogo kama za kwenye matangazo ya nyumbani. Mkitaka kuonja ladha tofauti, kila mmoja aagize aina yake kisha mkatiane vipande mezani. Wenyeji hufanya hivyo na si aibu. Kukaa watu wawili kwenye pizza moja saa za jioni, watu wakiwa wamepanga foleni nje, ndiko kutawakera wenye nyumba.

Nile kwa mkono au kwa kisu na uma?

Ukiwa umeketi, anza kwa kisu na uma, kwa sababu katikati ni laini mno na ukinyanyua kipande kirefu kila kitu kitadondoka. Ukishafika pembeni tumia mkono. Njia nyingine ni kukata robo, kuikunja na kuila. Hukunjika kama chapati laini.

Ukiwa barabarani, mkono tu. Pizza ya barabarani huitwa a portafoglio: ni ndogo kidogo, hukunjwa mara mbili ikawa robo, kama pochi, hufungwa kwa karatasi, nawe unakula ukitembea. Inama mbele kidogo, la sivyo shati lako litajua. Pizza hiyo huuzwa kwenye kabati za vioo mbele ya pizzeria nyingi za Via dei Tribunali, na ndiyo chakula cha mchana cha mwanafunzi asiye na hela.

"Coperto" kwenye bili ni nini? Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Coperto ni ada ya kuketi mezani, inayotozwa kwa kila kichwa, mara nyingi kati ya euro 1 na 3. Inapaswa iwe imeandikwa kwenye orodha ya bei, kwa hiyo isome kabla. Mahali pengine utakuta pia "servizio", yaani asilimia ya huduma. Bakshishi si lazima. Ukipenda, acha sarafu chache, lakini hakuna atakayekufuata mlangoni.

Bei zikoje?

Margherita kwenye pizzeria ya mtaani kwa kawaida ni kama euro 5 hadi 8. Marinara ni pungufu ya hapo. Ukiongeza kitu cha kukaangwa, kinywaji na coperto, mtu mmoja anashiba kwa euro 12 hadi 18. Ukiona Margherita ya kawaida inauzwa euro 14 karibu na bandari, endelea kutembea. Kadi zinapokelewa, sheria ya Italia inawalazimu wafanyabiashara, lakini beba noti ndogo kwa ajili ya pizza ya barabarani.

Ni lazima niende kwenye zile pizzeria maarufu?

Si lazima, na kwa maoni yangu usianzie huko.

Zenye majina makubwa zina historia ya kweli. Port'Alba inahesabu asili yake tangu 1738, ilipoanza kama kibanda, na ikawa pizzeria kamili 1830. Da Michele ni ya ukoo wa Condurro tangu 1870 na imejulikana kwa kushikilia Marinara na Margherita. Starita ya Materdei ni ya 1901. Di Matteo, kwenye Via dei Tribunali, ilimpokea Rais Bill Clinton mwaka 1994 alipokuja kwenye mkutano wa mataifa saba tajiri. Ukipata nafasi mchana mapema au katikati ya wiki, nenda, hutajuta.

Lakini foleni ya Jumamosi jioni kwenye sehemu hizo inaweza kukuchukua saa mbili umesimama, unachukua namba, unasubiri kuitwa, kisha unakula kwa dakika kumi na tano huku wengine wakikutazama kiti. Wakati huohuo, mitaa miwili nyuma yake kuna pizzeria isiyo na jina mitandaoni, ambako mzee wa nyumba ya jirani amekula kila Ijumaa tangu ujana wake. Unga ni uleule, moto ni uleule, na mhudumu ana muda wa kukueleza nini kimefika sokoni leo. Ufundi huu haumilikiwi na nyumba tano. UNESCO ilipouweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2017, ilichoorodhesha ni sanaa ya pizzaiuolo wa Napoli. Haikutaja mgahawa wala chapa. Na ilisema mji una pizzaiuoli wapatao 3,000. Kijana hujifunza kwa kusimama pembeni ya meza ya fundi, akianza na kupanga madonge, kisha kuchunga moto, na mikono ikishazoea ndipo anaruhusiwa kugusa unga mbele ya wateja. Hilo linatokea kwenye mitaa ya kawaida.

Nitajuaje kama pizzeria ya mtaani ni nzuri kabla sijaketi?

Angalia meza ya kazi kwanza. Madonge yawe kwenye visanduku vya mbao au plastiki, yamefunikwa, yakitandazwa pale pale pizza inapoagizwa. Ukiona madonge yaliyokwisha kutandazwa yamepangwa yakisubiri, ondoka. Angalia kasi: pizza ikiingia tanurini inapaswa kuwa mezani kabla ya dakika mbili au tatu kupita. Angalia orodha ya vyakula. Yenye pizza kumi na tano hunipa imani kuliko yenye sitini. Sikiliza lugha inayozungumzwa mezani. Na tazama sahani zinazorudi jikoni: kingo zikiwa zimeachwa nyingi, unga si mzuri.

Baadhi ya milango ina kibao cha Associazione Verace Pizza Napoletana, chama kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984 kulinda njia ya kupika. Kina picha ya Pulcinella, yule mchekeshaji wa mji mwenye barakoa, akiwa ameshika beleshi. Kibao hicho kinasaidia sana ukiwa Nairobi, Muscat au Toronto unatafuta pizza ya namna hii. Ndani ya Napoli kwenyewe, nyumba nyingi nzuri hazina kibao na hazijawahi kukihitaji.

Utakuta pia mitindo miwili. Wa zamani huitwa ruota di carro, gurudumu la mkokoteni: pana, nyembamba, inamwagika nje ya sahani, ukingo mdogo. Wa siku hizi huitwa canotto, wenye ukingo uliovimba sana kama boti ya mpira. Vijana wanaupenda. Mimi ni wa gurudumu la mkokoteni, kwa sababu nimekuja kula nyanya na unga kwa pamoja, na canotto inanipa mkate mwingi pembeni.

Hivi vikaango vinavyoletwa kabla ya pizza ni vya nini?

Huliwa wakati pizza inaandaliwa, na watu wa Napoli huviona kuwa sehemu ya mlo. Crocchè ni viazi vilivyopondwa na kukaangwa, kati kuna jibini. Arancino ni wali uliofanywa donge. Frittatina ni tambi zilizogandishwa kwa mchuzi mzito mweupe, zikakatwa duara na kukaangwa. Agizeni kimoja kimoja mgawane, maana vinashibisha na pizza itawashinda. Anayejiepusha na nguruwe aulize hapa zaidi ya popote: crocchè na frittatina mara nyingi hutiwa vipande vya salame au ham.

Na pizza ya kukaangwa?

Pizza fritta ina historia yake, na inaheshimika. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulikuwa umeharibiwa kwa mabomu, matanuri mengi hayakufanya kazi, mozzarella na kuni vilikuwa ghali. Unga ukakaangwa kwenye karai la mafuta badala ya kuokwa, mara nyingi na wanawake waliopika mbele ya nyumba zao za chumba kimoja, huku waume wakizungusha bidhaa mtaani. Walikopesha pia. Biashara hiyo iliitwa oggi a otto: unakula leo, unalipa siku ya nane. Mtu yeyote aliyekulia penye daftari la duka la mtaa ataelewa mara moja jinsi majirani walivyovushana miaka ile.

Ya siku hizi hujazwa jibini za ricotta na provola, pilipili manga na cicoli, yaani vipande vya nguruwe. Mwambie muuzaji "senza cicoli" atakutengenezea ya ricotta na nyanya. Ni nzito. Igawane na mwenzako.

Ninywe nini?

Maji, ya kawaida (naturale) au yenye gesi (frizzante), huja kwa chupa. Wenyeji wengi hunywa bia na pizza kuliko divai. Kahawa fupi baada ya kula ni kawaida. Cappuccino ni ya asubuhi.

Nina mzio wa ngano. Naweza kuingia?

Kama ngano ikikudhuru kweli, usiingie pizzeria yoyote tu kwa sababu imeandika "senza glutine", yaani bila gluteni, ile protini ya ngano. Unga hupeperuka hewani kwenye chumba kizima, na kipande chako kinaweza kuokwa juu ya sakafu ya tanuri iliyojaa unga wa wengine. Tafuta zilizo kwenye mtandao wa Associazione Italiana Celiachia, chama cha Italia cha watu wanaodhuriwa na gluteni, ambazo wapishi wake wamefunzwa kutenganisha vyombo na sehemu za kazi. Kwa mizio mingine, sheria ya Ulaya inamtaka mwenye mgahawa akueleze kama chakula kina mojawapo ya vitu 14 vinavyotajwa, zikiwemo karanga, samaki, mayai na maziwa. Una haki ya kuuliza na kujibiwa.

Nije na watoto?

Njoo nao. Utakuta watoto wa wenyeji wakikimbia kati ya meza saa nne usiku. Wengi watakukatia Margherita ndogo ukiomba.

Saa ngapi kunafaa?

Mchana ni kuanzia saa sita hadi saa tisa, kisha wengi hufunga. Jioni hufunguliwa karibu saa moja au saa moja na nusu. Wenyeji huja saa mbili na nusu, saa tatu. Ukifika mlango unapofunguliwa hutasubiri, ila tanuri linakuwa zuri zaidi baada ya kupokea pizza kadhaa. Sehemu nyingi za mtaani hazipokei kuwekewa meza kwa simu: unampa mtu wa mlangoni jina na idadi, "siamo in cinque" (tuko watano), unasubiri nje.

Nikiomba nanasi juu ya pizza watanifukuza?

Hawatakufukuza, watakuambia hakuna. Mwaka 2024 mpishi maarufu Gino Sorbillo aliweka pizza ya nanasi kwenye orodha yake ya Via dei Tribunali, mji ukagawanyika na magazeti yakaandika. Kwenye pizzeria ya mtaani usitarajie.

Pizza ya Zanzibar ina undugu na hii?

Jina tu. Ile ya Forodhani ni unga mwembamba unaofunika kima, kitunguu na yai, ukakaangwa kwenye chuma bapa. Nasaba yake ni mkate wa kima na mutabbaq ya Waarabu, yaani unga mwembamba uliojazwa na kukaangwa. Ni tamu kwa haki yake, na haihitaji kulinganishwa.

Ukitaka ya tanuri la kuni karibu na nyumbani, nenda Malindi au Watamu. Waitaliano wamezoeana na pwani hiyo tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha anga cha San Marco huko Ngomeni. Kutoka hapo ndipo ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Wanasayansi walikuja, watalii wakafuata, na wapishi wakaja na matanuri yao. Vijana wengi wa Malindi wanazungumza Kiitaliano, na baadhi yao ndio wanaotandaza unga leo.

Nichukue nikale hotelini?

Unaweza, lakini utakula kitu kingine. Ndani ya boksi mvuke hulainisha ukingo, jibini hukaza, na dakika ishirini baadaye pizza imekuwa kama mpira. Kanuni za Ulaya zenyewe zinasema iliwe mara moja inapotoka tanurini, na zinakataza kuigandisha kwa ajili ya kuiuza. Kama lazima uchukue, acha boksi wazi na utembee haraka. Ya kubeba kwenye ndege usiulize.

"Pizza sospesa" ni nini?

Ni pizza uliyoilipia mtu usiyemjua. Desturi ilianzia kwenye kahawa: mteja alikunywa kikombe kimoja akalipa viwili, na maskini aliyepita baadaye akauliza kama kuna kilichoachwa. Baadhi ya pizzeria, hasa mtaani Sanità, zimeifanya iwe kwa pizza. Ukitaka kuacha moja, sema hivyo unapolipa bili. Usisubiri kumwona atakayeila.

Nakuja mwezi Agosti. Nitakuta zimefunguliwa?

Zile za watalii, ndiyo. Za mtaani, nyingi hufunga wiki moja au mbili kuzunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, familia zikienda baharini. Tazama karatasi iliyobandikwa mlangoni yenye maneno "chiuso per ferie", yaani tumefunga kwa likizo. Huandikwa tarehe ya kufungua tena. Nje ya Agosti, siku za mapumziko ni Jumapili au Jumatatu kwa wengi, kwa hiyo ukiwa na siku moja tu ya kukaa Napoli, piga simu asubuhi kabla hujavuka mji.